Mshika Kamba

Kazini waliniita Wakili, na si kwa kunisifia. Sikuwa mtu wa kuona ubishi unapita nikauacha. Watu wakibishana mpira, nimo. Wakibishana dawa ya kikohozi, nimo. Na likija suala la dini ndiyo kabisa, hapo hata chai yangu ilipoa mezani. Nayaandika haya nikijua kwamba mdomo huu umeua mtu. Hakuna atakayenishtaki kwa hilo, maana hakuna sheria ya kumfunga mtu aliyeshinda ubishi.

Aliyekufa ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Wazazi wao walifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo, na mke wangu ndiye aliyemlea, kwa hiyo nilipooa nilipata mke na kijana kwa mkupuo mmoja. Alikulia mezani kwetu. Alipopata nguvu za kazi nikamtafutia nafasi kiwandani nilikokuwa mimi, na nikampeleka kanisani, ambako nilikuwa nafundisha darasa la watu wazima kila Jumapili kabla ya ibada. Alibatizwa akiwa na miaka ishirini na miwili. Mimi ndiye niliyemshikia viatu.

Kiwanda chetu kilisaga mahindi. Nyuma yake kulikuwa na vihenge sita vya bati, kila kimoja kirefu kuliko jengo la ghorofa nne, vikijazwa kwa juu na kutoa nafaka kwa mlango wa chini. Mahindi yakiingia na unyevu hushikana. Ya chini yanatoka, ya juu yanabaki yameganda, na katikati panakuwa na uwazi usioweza kuuona. Hapo lazima mtu ateremke na mtaimbo mrefu ayavunje. Gamba lile la juu likikatika chini ya miguu yako unazama kama kwenye maji, ila mahindi hayana desturi ya kumrudisha mtu juu.

Ndiyo maana kazi ile ilikuwa ya watu wawili. Mmoja anateremka amevaa mikanda ya mabegani yenye pete ya chuma kifuani, kamba imefungwa kwenye pete. Wa pili anabaki juu kwenye jukwaa, kamba ameipitisha kwenye gurudumu la kapi na kuizungusha nguzoni, na huyo ndiye mshika kamba. Anayeteremka hufunga fundo lake mwenyewe. Mshika kamba hulikagua kwa mkono wake, hulivuta mara tatu, kisha husema, "Nakupata." Bila neno hilo hakuna kuteremka. Miaka kumi na mmoja shemeji aliteremka na mimi nikashika, kwa sababu yeye alikuwa mwembamba na mimi nilikuwa na mwili.

Sasa, ubishi. Ulianzia darasani, Jumapili moja ya mvua, watu wachache. Swali lilikuwa kama mtu aliyeokoka kwelikweli anaweza kuupoteza wokovu wake. Shemeji alisema hawezi. Alisema anayeshika ni Mungu, na Mungu hachoki mikono. Mimi nilisema anaweza, tena nikasema wanaofundisha kinyume wanawabembeleza watu walale.

"Shemeji, mimi nikiwa mle ndani sijishiki," alisema mbele ya wote. "Wewe ndiye unayenishika. Nikiteleza, nikizimia, bado nipo kwenye kamba."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Lilikuwa jibu zuri, na uzuri wake ndio ulionikera.

"Sawa," nikamwambia. "Lakini fundo liko kifuani kwako, si kwangu. Ukiamua kulifungua ukiwa chini, mimi huku juu nitashika nini?"

Darasa likacheka, mzee mmoja akapiga makofi. Shemeji alifikiri kidogo, akasema hakuna mwenye akili timamu atakayelifungua. Nikamjibu kwamba wapo, tena wengi, na nikamsomea lile andiko la watu walioonja yaliyo mema kisha wakaanguka, kwamba hao hawafanywi upya tena. Nililisoma polepole, neno kwa neno, nikimtazama. Aliandika kwenye daftari lake. Njiani kurudi nyumbani akakubali kwamba nimemshinda, na chakula cha mchana siku hiyo nilikila kwa raha sana.

Miaka minne baadaye shemeji akaanguka. Alimwacha mkewe na watoto, akahamia kwa mwanamke mmoja aliyekuwa akipika kantini ya kiwanda, wakakaa pamoja miezi mitatu. Hakuna aliyemrudisha. Alirudi mwenyewe, akamwomba mkewe msamaha, kisha akaenda mbele ya wazee wa kanisa akaeleza yote bila kuficha wala kumsingizia shetani. Wakamtenga miezi sita, kama ilivyo desturi yetu: hakuna kushiriki meza ya Bwana, hakuna kuongoza jambo lolote, na kukaa benchi la nyuma kabisa. Ni adhabu ya kawaida. Nusu ya wazee wa kanisa wamewahi kulikalia benchi lile, mmoja wao mara mbili, na sasa ndiye mkali kuliko wote.

Miezi sita ikaisha. Mchungaji akamwita ili arudishwe kundini. Shemeji akakataa.

Mke wangu alisikia habari hiyo akiwa anafua. Alisimama na nguo inachuruzika mkononi, akaniambia niende nikaongee na mdogo wake, kwa sababu mimi ananisikiliza. Lile neno lilinivimbisha kichwa kidogo, siwezi kukana. Nilikwenda kama daktari anayekwenda kutibu mafua.

Nilimkuta juu ya jukwaa saa ya mapumziko, ameninginiza miguu, anakula mkate mkavu. Nikamwambia kanisa linamsubiri na mkewe amemsamehe, sasa yeye anasubiri nini?

"Watanirudisha benchi la mbele, shemeji," alisema. "Benchi si tatizo langu."

Akanieleza taratibu, kama mtu anayeeleza hitilafu ya mashine. Alikuwa ameomba miezi sita mfululizo na hakusikia chochote ndani yake, ni kama kupiga namba iliyofungwa. Mwanzo alidhani ni hasira ya Mungu, na hasira huisha. Baadaye akakumbuka somo langu. Kumbe si hasira. Kumbe mlango umeshafungwa, na anayegonga ni mtu asiyejua tu kwamba wenyeji wamehama.

Nikamwambia huo ni upuuzi, Mungu anasamehe. Akatoa daftari mfuko wa nyuma. Lilikuwa limekunjamana na lina unga kwenye kurasa. Akanisomea maneno yangu mwenyewe, na tarehe yake juu. Nikasema maneno yale yaliwahusu wanaokataa kutubu. Akasema siku ile sikusema hivyo, na ni kweli, sikusema. Nikamletea habari ya kondoo ambao hakuna awezaye kuwanyakua mkononi mwa mchungaji wao. Hapo akacheka kidogo.

"Hayo ndiyo niliyokuwa nayasema mimi," alisema. "Mkanicheka darasa zima." Akalifunga daftari. "Niambie kitu kimoja tu, shemeji. Ulikosea siku ile, au unakosea leo kwa sababu unaniogopea?"

Neno moja lilitosha. Ningesema, nilikosea siku ile, yamekwisha. Sikuwa hata na uhakika kwamba nilikuwa sahihi. Ukweli ni kwamba siku ile nilitaka kushinda, na andiko lile ndilo lililokuwa fimbo ya karibu. Lakini kulikuwa na vijana wawili wa kufagia pale jukwaani, wamesimamisha mifagio wanasikiliza, na mimi ni Wakili.

"Sikukosea," nikasema. "Wewe ndiye hukuelewa."

Akaitikia kwa kichwa, akamalizia mkate wake.

Baada ya siku hiyo alibadilika, na kila mtu alifurahia mabadiliko yale isipokuwa mimi. Alikuwa mpole, mtulivu, hana haraka. Mlango wa jiko letu, alioahidi kuurekebisha tangu mwaka juzi, alikuja akaurekebisha. Alirudisha mwavuli wangu. Alirudisha nyundo ambayo mimi mwenyewe nilishasahau kwamba aliiazima. Mke wangu alimshukuru Mungu jikoni kwa sauti, akasema mdogo wake ameanza kutulia. Mimi niliitazama ile nyundo juu ya meza. Mtu hakusanyi vitu vya watu namna ile kama hana safari.

Kazini alianza kujitolea. Zamani waliteremka kwa zamu, yeye na wenzake wawili wakipokezana. Sasa kila mahindi yakiganda, ni yeye. Nilimfuata msimamizi ofisini kwake nikamwomba asimpange. Akaniuliza sababu. Nimwambie nini, kwamba shemeji yangu anaamini ameshahukumiwa, na aliyemwaminisha ni mimi? Nikasema ana mafua. Msimamizi akacheka, akasema mafua anayo hata yeye, akarudi kwenye makaratasi yake.

Nikabaki na njia moja, nisimwachie mtu mwingine kamba. Kama ni kuteremka, ateremke nikiwa nimeshika mimi. Nilijipa moyo kwamba mbele yangu hatafanya jambo. Sijui nani alinidanganya hivyo.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, kihenge cha nne. Alivaa mikanda, akafunga fundo, mizunguko miwili kama tulivyofundishwa. Nikalishika. Nililipapasa kila pembe kama mtu anayetafuta mwiba. Nikalivuta mara tatu, nikalivuta tena mara ya nne. Lilikuwa fundo safi, la mtu anayejua kazi.

"Leo umeongeza," alisema.

"Nakupata," nikasema.

"Najua, shemeji. Hujawahi kuniachia."

Akateremka. Nikaiachia kamba polepole hadi ilipotulia, nikaiona kofia yake tu kule chini kwenye vumbi. Alianza kugonga. Nilikuwa nimeshakata shauri. Akitoka, kabla hajavua mikanda, nitamwambia mbele ya vijana wale wale wa mifagio, waliokuwa jukwaani tena siku hiyo, kwamba nilikosea siku ile. Nilikuwa nayapanga maneno. Hata mzaha wa kuanzia nilikuwa nao, maana sikujua kuomba radhi bila mzaha.

Mtaimbo ukaacha kugonga. Nikamwita. Akajibu, "Nipo." Kamba ilikuwa bado imekaza mkononi mwangu, nzito, ina mtu. Nikamwuliza mbona kimya. Kisha kamba ikawa nyepesi.

Nilisikia mahindi yakimiminika, mlio mrefu kama wa mvua inayokaribia juu ya mabati. Nilipiga kelele. Nikavuta, na kamba ikaja upesi mno, ikipiga huku na huku, hadi ncha yake ikatua miguuni pangu. Haikukatika. Haikuchanika. Ilikuwa na alama za mikunjo ya lile fundo, mizunguko miwili, kama nguo iliyokunjuliwa sasa hivi. Nilitaka kurukia ndani na wale vijana wawili wakanishika, mmoja kiunoni, mmoja miguuni, na walikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani.

Walikata bati kwa chini. Walimtoa saa nane mchana.

Wakati wanakata, mimi nilikuwa nimekaa chini ya ngazi na ile kamba mapajani. Najua fundo lile. Kila mtu kiwandani analijua. Likishabeba uzito linakaza, halifunguki lenyewe. Kwa hiyo yalikuwa mambo mawili tu: ama fundo lilifungwa ovyo na mshika kamba hakulikagua, ama alilifungua yeye aliyekuwa chini. Na kulifungua si kazi ya bahati mbaya. Lazima uinuke juu ya miguu yako, ulegeze uzito, utumie mikono yote miwili.

Msimamizi akaja, uso umempauka. Nyuma yake, getini, nikamwona mke wangu anakuja mbio, kiatu mguu mmoja, kingine kimebaki huko njiani. Katika kanisa letu aliyejitoa uhai haombewi kaburini. Anazikwa kimya, wazee wanasimama mbali. Na mke wangu alikuwa hajawahi kukosa darasa langu. Alikaa safu ya pili, aliyasikia yote ya Jumapili ile, hadi makofi. Hakuna atakayehitaji kumweleza alikokwenda mdogo wake. Nilishamfundisha mwenyewe.

"Fundo ulilikagua?" msimamizi akaniuliza.

Mke wangu alikuwa ameshafika. Alisimama pale anahema.

"Sikulikagua," nikasema.

Nikalirudia hilo polisi, kwa maandishi, nikatia sahihi. Nikalirudia mbele ya uongozi wa kiwanda, wakanifukuza kazi siku hiyo hiyo. Nikalirudia mbele ya wazee wa kanisa. Wakanitenga kwa uzembe uliosababisha kifo, na nikalikalia benchi la nyuma. Shemeji alizikwa kwa nyimbo na maombi. Mchungaji alisema ndugu yetu alikuwa njiani kurudi na Bwana alimpokea hukohuko njiani, na watu wakalia machozi ya watu waliofarijiwa. Mkewe alikuwa amesimama upande wa pili wa kaburi na watoto wake, ananitazama kama mtu anayetazama gari lililomgonga mumewe.

Mke wangu hakunisemesha miezi miwili. Alipika, akaweka sahani mezani, akaenda kula chumbani. Aliniuliza jambo moja tu katika muda huo wote, akiwa amenipa mgongo. Aliuliza nilikuwa nawaza nini siku hiyo hata nikashindwa kulishika fundo la mdogo wake, mtoto aliyekulia mikononi mwetu. Nikamjibu nilikuwa nimechoka. Aliyapokea hayo mabegani, nikaona mabega yalivyomshuka.

Kuna siku nilimtamani mtu wa kubishana naye. Nilikaa peke yangu sebuleni nikajibishana mwenyewe, pande zote mbili, kama nilivyokuwa nawafundisha wanafunzi. Upande mmoja unasema shemeji alikuwa mgonjwa wa hofu, na Mungu asiyechoka mikono hamtupi mgonjwa kwa sababu mgonjwa amejitupa. Upande wa pili una andiko langu, tarehe yangu, na makofi ya yule mzee. Nilijaribu kuufanya upande wa kwanza ushinde. Mimi, ambaye nimewahi kushinda ubishi kuhusu mpira ambao sikuutazama, nilishindwa.

Miezi sita ikaisha, mchungaji akaniita mbele. Akaniuliza kama natubu dhambi yangu. Nikasema natubu. Niliitubu mbele ya watu wote dhambi ambayo sikuitenda, na niliyoitenda nikaimeza palepale madhabahuni, na kwa somo langu mwenyewe anayefanya hivyo kwa makusudi, huku anajua, anajua pia aendako. Walinipa mikono mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa mke wangu. Alitoka safu ya pili akaja akanikumbatia mbele ya kanisa zima, mara ya kwanza tangu ile Alhamisi.

"Nimekusamehe," alisema sikioni kwangu. "Yeye yuko salama. Hilo linanitosha."

Tangu hapo tunaomba pamoja kila asubuhi kando ya kitanda, kama zamani. Nikitubu kweli, namzika mdogo wake mara ya pili, na safari hii bila nyimbo. Kwa hiyo sitatubu. Nina ombi moja tu, kwamba iwe nilikosea Jumapili ile, nilikosea kila neno, kwa ajili yake na sasa kwa ajili yangu pia. Naliomba kimoyomoyo, maana mke wangu amepiga magoti hapo pembeni yangu, anamshukuru Mungu kwamba ndugu yake alikufa kwa uzembe wangu.